Fildi ya Msimu wa Pamba: Kisa cha Mwanafunzi wa Uhasibu Aliyekosa Nafasi Dar

Mhusika wa kisa hiki alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uhasibu katika chuo kimoja cha Morogoro. Kwao ni Maswa, mkoani Simiyu. Mimi nilikuwa mmoja wa walimu wanaogawiwa wanafunzi wa kusimamia wakati wa mafunzo kwa vitendo, jina ambalo chuoni utalikuta kwenye fomu tu. Wanafunzi na walimu wote husema fildi. Ameniruhusu nieleze yaliyompata ilimradi nisimtaje yeye wala chama alichofanyia kazi, nami nitaheshimu hilo.

Fildi ilikuwa ya wiki 8, kuanzia katikati ya Julai, mitihani ya muhula wa pili ikishapita. Tangu Machi binti alikuwa amechukua barua ya utambulisho idarani, akaitoa kopi, akaambatanisha na barua yake mwenyewe na kuzisambaza Dar es Salaam: benki, mamlaka za serikali, kampuni za simu, kampuni za ukaguzi wa hesabu. Baadhi alizipeleka kwa mkono, akasubiri dirishani mpaka nakala yake ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Alichagua Dar kwa sababu mbili. Mjomba wake anaishi Mbagala, kwa hiyo pa kulala palikuwapo. Ya pili aliisema bila kusitasita: ukifanyia fildi kwenye jina kubwa, wasifu wako unasomeka.

Mpaka mwanzo wa Juni alikuwa amepata majibu mawili, yote yakisema nafasi zimejaa. Kwingine kimya. Simu moja ndiyo iliyompa matumaini: mtu aliyepata namba yake kwenye kundi la WhatsApp la wanaotafuta fildi alimwambia nafasi ipo kwenye taasisi fulani, atume tu hela ya fomu ili jina lake liingizwe. Alikuwa ameshaanza kukopa kwa wenzake wa bwenini ndipo mmoja akamwuliza, fomu gani hiyo inayolipiwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi? Niseme hili mara moja kisha tuendelee: hakuna ofisi ya maana inayomtoza mwanafunzi fedha ili aje kuifanyia kazi bure.

Alipokuja ofisini kwangu hakuja kuomba ushauri. Alikuja kuomba barua nyingine kumi.

Barua ya kwanza

Nilimwomba nione alichokuwa anatuma. Ilikuwa hii, na wengi wenu mmeshaiandika:

"YAH: OMBI LA NAFASI YA MAFUNZO KWA VITENDO. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili ninayesoma shahada ya uhasibu. Naomba nafasi ya kufanya mafunzo kwa vitendo katika ofisi yako kwa muda wa wiki nane. Ni matumaini yangu kuwa ombi langu litakubaliwa."

Haina kosa la lugha wala la adabu. Tuifuate tu tuone inapita wapi. Inapokelewa masijala, inaingizwa kwenye jalada, inapewa namba ya folio, inapelekwa kwa mkuu wa taasisi. Mkuu anaandika dokezo la maneno mawili pembeni, jalada linashuka kwa afisa utumishi. Afisa utumishi ana rundo la barua zinazofanana na hii kama pacha, kutoka vyuo vyote vya nchi. Anampigia mkuu wa kitengo cha fedha: mnaweza kuchukua mtu wa fildi? Mkuu wa kitengo anawaza kiti, anawaza meza, anawaza nani atakaa na huyu mtoto amwelekeze. Kisha anatazama kalenda.

Kalenda ndiyo iliyonifanya nimzuie asichukue zile barua kumi. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa Juni 30. Mali zinahesabiwa ghalani, salio za benki zinasuluhishwa, madeni yanaorodheshwa, na hesabu za mwaka zinatakiwa ziwe zimefika kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ifikapo mwisho wa Septemba. Kwa mhasibu wa serikali, Julai mpaka Septemba ni miezi ya kulala ofisini. Ndiyo miezi hiyo hiyo ambayo vyuo vinamwaga wanafunzi wa uhasibu mitaani. Kwa hiyo "nafasi zimejaa", mara nyingi, maana yake ni kwamba hakuna mwenye muda wa kukaa na wewe. Viti vipo.

Hapo pana jambo la ajabu kidogo. Ofisi imeelemewa na kazi ya uhasibu, mwanafunzi wa uhasibu yuko mlangoni anaomba kufanya kazi bila malipo, na ofisi inamkataa kwa sababu imeelemewa. Ukiisoma barua upya unaona sababu: hakuna mahali anaposema atapunguza mzigo upi. Anaomba nafasi, na nafasi kwa anayeisoma ni mzigo mwingine juu ya ule alionao.

Swali la pamba

Nilimwuliza mwezi wa saba watu wa kwao wanafanya nini.

"Wanauza pamba, Madamu."

"Wanamuuzia nani?"

"AMCOS."

"Na nani anaandika hesabu za hiyo AMCOS?"

Alicheka. Akasema kuna katibu mmoja, ana madaftari, msimu ukifika halali. Halafu akaongeza, kama mtu anayefunga mjadala: "Lakini pale si ofisi, Madamu. Ni ghala."

Kwa asiyejua mambo ya kanda ile: AMCOS ni chama cha ushirika cha mazao. Mkulima huleta pamba mbegu, yaani pamba ambayo bado haijachambuliwa, kwenye kituo cha kununulia, inapimwa, anapewa stakabadhi, analipwa. Katika vyama vingi mnunuzi mwenye kiwanda cha kuchambua pamba hutanguliza fedha, chama kinanunua kwa niaba yake na kupata ushuru kwa kila kilo. Mzigo unakaa ghalani mpaka lori lije, unakwenda kiwandani, unapimwa tena. Ununuzi huanza kama mwezi Mei na kupungua kadiri Agosti inavyoyoyoma. Ukijumlisha yote hayo unapata mambo ambayo kwenye darasa la uhasibu tunayafundisha kwa mifano ya kampuni isiyokuwapo: fedha za mtu mwingine mkononi mwako, mali inayobadilika uzito ikiwa ghalani, nyaraka tatu za muamala mmoja zinazoandikwa na watu watatu, na wanachama mia kadhaa ambao kila mmoja anakumbuka kilo zake kichwani.

Kwa macho yangu hiyo ilikuwa fildi bora kuliko kaunta ya benki. Kwa macho yake ilikuwa kurudi nyumbani kushindwa. Sikumlaumu. Ukitoka Maswa kwenda chuo Morogoro, halafu wenzako wanapiga picha na vitambulisho shingoni mtaa wa Samora, wewe ukapige picha na nini?

Kilichomgeuza hakikuwa maneno yangu, kilikuwa hesabu za nauli. Kutoka kwa mjomba Mbagala hadi katikati ya mji na kurudi, chakula cha mchana, nguo za ofisini, kwa wiki 8. Alikuwa na mkopo wa Bodi, na fedha ya mafunzo kwa vitendo ni sehemu ya mkopo huo. Italipwa siku moja kama ada ilivyo. Alipoandika jumla kwenye karatasi akasema kwa sauti ya chini kuwa atakuwa amekopa ili akatoe fotokopi.

Kukataliwa mara ya pili

Hapa ndipo kisa kinapopata utamu, kwa sababu AMCOS nayo ilimkataa.

Aliwapigia simu. Mwenyekiti alimsikiliza kwa upole wote, akamwuliza habari za masomo, akamwambia chama hakina uwezo wa kumlipa. Alipojibu kuwa hahitaji kulipwa, mwenyekiti akasema bodi itakaa. Kwa mtu wa mjini hilo ni jibu la matumaini. Kwetu, ukiambiwa bodi itakaa msimu wa pamba ukiwa umepamba moto, umeshajibiwa.

Nilimshauri amtafute katibu, maana mwenyekiti anajibu kwa niaba ya heshima ya chama lakini katibu ndiye mwenye madaftari. Katibu alimweleza ukweli bila kuzunguka. Vyama vya ushirika vimekuwa na kesi nyingi: mikopo hewa, mizani iliyochezewa, makarani waliotoweka na fedha za wakulima. Mtu mgeni mwenye elimu ya hesabu akionekana anapekua stakabadhi katikati ya msimu, wanachama watasema ametumwa. Ametumwa na nani, kila mmoja atajaza mwenyewe: wilaya, mnunuzi, mahasimu wa uongozi. Na juu ya hayo, baba yake binti ni mwanachama wa chama kile kile na anauza pamba pale. Siku mkulima mwingine akipunjwa kilo mbili, watasema binti wa fulani ndiye aliyekuwa na kalamu.

Niliposimuliwa hayo nilifurahi sana, kwa sababu katibu yule mwenye elimu ya kidato cha nne alikuwa ameeleza mgongano wa maslahi kwa ufasaha kuliko kitabu tunachotumia darasani. Binti alipaswa kuuona mwenyewe. Hakuuona kwa kuwa alijua nia yake ni safi, na mgongano wa maslahi haujali nia.

Hapo kulikuwa na taarifa ambayo barua za Dar hazikuwahi kumpa. Dar hawakumwambia kwa nini. Katibu alimwambia kwa nini, na sababu ukishaijua unaweza kuijibu.

Alifanya mambo matatu, na mawili ya mwanzo aliyawaza mwenyewe. Kwanza aliachana na AMCOS ya kwao, akahamia kwenye chama cha kata jirani, anakoishi shangazi yake na ambako baba yake hauzi hata kilo. Pili, alikwenda halmashauri kumwona afisa ushirika wa wilaya, akamweleza anataka kufanya nini, ili akienda chamani aende kwa mlango wa mbele, akitambulishwa na mtu ambaye kazi yake ni kuvisimamia vyama hivyo. Tatu, aliandika barua upya. Nilimsahihisha sehemu mbili tu:

"Naomba kuja kusaidia kulinganisha stakabadhi za wakulima, daftari la mizani na hati za kupokelea pamba kiwandani kwa msimu huu, kuanzia Julai 15 hadi Septemba 6. Sitashika fedha na sitasimama kwenye mizani. Nitafanyia kazi nakala, na nitakachokipata nitamkabidhi katibu kwanza. Gharama zangu nitajitegemea. Baba yangu ni mwanachama wa AMCOS nyingine, si hii."

Sentensi ya "sitashika fedha" ndiyo iliyosomwa kwa sauti kwenye kikao cha bodi. Ile ya baba ilimfanya mzee mmoja aseme huyu mtoto amelelewa. Bodi iliandika muhtasari, ikamkubali.

Linganisha barua hizi mbili. Ya kwanza ingeweza kutumwa popote, na ndiyo maana ilitumwa popote. Ya pili haina pa kwenda isipokuwa kwenye ghala moja, katika wilaya moja, kwa majuma yale tu. Kuiandika kulimlazimu ajue kwanza kazi inafanyikaje, nyaraka zinaitwaje, hofu ya anayeisoma iko wapi. Vijana wanaita kujiongeza. Lakini kujiongeza wanavyokusema wao huwa ni ujasiri wa kubisha hodi milango mingi. Hapa kazi ilifanyika kabla ya kubisha hodi.

Chuo nacho kikakataa

Nilidhani tumemaliza. Fomu ilipofika kwa mratibu wa fildi ikarudi. Kanuni inataka msimamizi wa kituo awe na taaluma ya fani husika, na katibu wa chama kile cha kata jirani hana. Mratibu hakuwa mkorofi. Kama kila mwanafunzi ataruhusiwa kufanya fildi kwenye duka la baba mdogo na kusainiwa na baba mdogo, alama zile zina maana gani? Hoja hiyo ina uzito na sitaki kuidharau.

Tulichokubaliana ni usimamizi wa watu wawili. Katibu angesaini mahudhurio na kazi ya kila siku kwenye logibuku. Mhasibu wa halmashauri, mwenye shahada na anayefahamiana na afisa ushirika, angepitia kazi yenyewe mara moja kwa juma na kusaini tathmini. Mhasibu alikubali kwa sharti moja: ununuzi wa pamba ukiisha, binti amalizie majuma yaliyobaki kwake, hazina, ambako kulikuwa na vifungashio vya hati za malipo vilivyohitaji kupangwa kabla wakaguzi hawajafika.

Ona lilivyogeuka. Ofisi ya hazina ya halmashauri ni ofisi ya aina ile ile iliyokuwa ikijibu nafasi zimejaa. Safari hii yenyewe ndiyo iliyomwomba.

Kazi yenyewe

Alianza na stakabadhi na daftari la mizani. Kila mkulima aliyepimwa ana kilo kwenye stakabadhi na kilo kwenye daftari, na jumla za siku zinapaswa kulingana. Siku kadhaa hazikulingana. Hapo ndipo alipotumia hila ya zamani ambayo wanafunzi huisikia mwaka wa kwanza na kuisahau: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, anza kutafuta tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi. Tuseme stakabadhi imeandikwa kilo 86 na daftari limeandikwa 68. Tofauti ni 18. Karani aliyechoka, jua la saa nane, foleni inapiga kelele, anasikia themanini na sita na kuandika kinyume. Si wizi, ila mkulima anayelipwa kwa kufuata daftari ameshaibiwa vilevile. Makosa mengi aliyoyapata yalikuwa ya namna hiyo, na hayakuelemea upande mmoja: mengine yalimpunja mkulima, mengine yalikipunja chama.

Jambo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Chama kilikuwa kinalalamikiwa kwamba pamba inapotea kati ya ghala na kiwanda, na kwa makubaliano yao na mnunuzi, upungufu ulikatwa kwenye ushuru wa chama. Wanachama walikuwa wakimtazama katibu kwa jicho la pembeni. Binti alitengeneza jedwali moja, la kawaida kabisa. Kila safari ya lori ina mstari wake: kilo zilizotoka, kilo zilizopokelewa kiwandani, siku ambazo mzigo ulikaa ghalani, tofauti. Pamba mbegu ina unyevu; ikikaa kwenye joto kavu la Julai inapungua uzito bila mtu kuigusa. Tena wapo wakulima wanaoinyunyizia maji, au kuichanganya na mchanga, ili mizani ipande, na maji hayo hayafiki kiwandani.

Jedwali lilionyesha jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona kwa sababu hakuna aliyeziweka namba hizo ukurasa mmoja: kwa safari nyingi, kadiri mzigo ulivyokaa ghalani ndivyo ulivyopungua. Hilo lilimwondolea katibu mzigo wa miaka. Lakini zilikuwapo safari mbili ambazo mzigo haukukaa ghalani hata kidogo na bado upungufu ulikuwa mkubwa.

Alinipigia simu usiku huo, sauti imebadilika. Alitaka kujua amwambie nani. Nikamkumbusha barua yake inasema nini: katibu kwanza. Yeye si mkaguzi; ukaguzi wa vyama vya ushirika una shirika lake, COASCO, na una taratibu zake. Mwanafunzi wa fildi anayeanza kutafuta mwizi hamalizi wiki ya pili. Alimpa katibu jedwali zima bila kuandika neno upungufu wa kutia shaka mahali popote, akamwonyesha mistari miwili kwa kidole. Katibu akaipeleka kwenye bodi, bodi ikaipeleka kwa afisa ushirika. Baada ya hapo hakuambiwa chochote, wala hakuuliza.

Kuna jambo dogo ambalo sikulitarajia. Stakabadhi zimeandikwa kwa Kiswahili, lakini mkulima akiwa na manung'uniko huyatoa kwa Kisukuma. Binti alikuwa akisikia pale ghalani mambo ambayo hayakuwa kwenye daftari lolote: mzigo wa nani ulipimwa mara mbili, nani alirudishwa kwa sababu pamba yake ilionekana fifi, yaani ya daraja la chini, lori lilipakiwa saa ngapi. Wanafunzi hulalamika kwamba fildi ni koneksheni, na hawakosei sana. Ila wanaihesabu ya aina moja tu, ile ya mjomba makao makuu. Shangazi kata jirani ni koneksheni. Kujua lugha ya wanaolalamika ni koneksheni pia, na pale Posta, katikati ya Dar, isingemsaidia kwa lolote.

Ambayo hayakwenda vizuri

Ununuzi uliisha mapema kuliko alivyopanga. Kabla Agosti haijafika mwisho ghala lilikuwa tupu na katibu alikuwa akiingia nusu siku. Akahamia hazina kama alivyoahidi. Huko hakupewa nywila ya mfumo wa malipo, na ilikuwa sawa asipewe. Matokeo yake alipanga hati, akabandika namba, akatoa fotokopi, ile ile aliyokuwa ameikimbia Dar. Aliniambia hata hivyo kwamba safari hii alielewa anachofotokopi, kwa kuwa kila hati ya malipo aliyoishika alijiuliza stakabadhi yake iko wapi.

Fedha hakupata. Kula na kulala kwa shangazi si bure hata kama hakuna anayedai. Alichota maji na alipalilia bustani kama mtoto yeyote wa nyumba. Mimi niliyepaswa kumtembelea sikwenda. Bajeti ya chuo kwa usimamizi haikufika Simiyu, tukamtathmini kwa simu, na nadhani alipoteza alama ambazo mwenzake wa Dar aliyetembelewa ofisini alizipata kirahisi. Ripoti yake nayo ilibanwa na mwongozo unaotaka kurasa kadhaa za historia na muundo wa taasisi. Jedwali la malori, ambalo ndilo fildi yake yote, liliishia kwenye viambatisho.

Na yule mwenzake? Yupo, wanasoma darasa moja. Alipata nafasi kwenye taasisi kubwa jijini kupitia ndugu, akakaa mapokezi ya kitengo, akapeleka majalada, akatoka na barua yenye nembo inayojulikana nchi nzima. Siwezi kusema alipoteza muda. Kampuni binafsi ikichuja wasifu wa watu mia tatu, nembo ile itaonekana, na AMCOS ya kata haitaonekana. Serikalini hali ni tofauti kidogo, kwani ajira nyingi hupitia Sekretarieti ya Ajira na kuna usaili wa kuandika, ambako karatasi haiulizi ulifanyia fildi jengo gani. Nilipowapa wote wawili swali la usuluhishi wa hesabu mwanzoni mwa mwaka wa tatu, mmoja alianza kwa kanuni na mwingine akaanza kwa kuuliza nani aliandika hati ya kwanza na nani ya pili. Ningekuwa naajiri, ningemchukua wa pili. Lakini mimi siajiri.

Ninachowaambia wanafunzi wangu sasa, kabla sijawasainia barua, ni kwamba waniletee kalenda ya mahali wanapotaka kwenda. Kagera kahawa inavunwa na vyama vinapokea. Halmashauri zote zinafunga hesabu, na zahanati na shule zilizo chini yake zina vitabu vyake vinavyotakiwa viingie kwenye hesabu za halmashauri. Hoteli za pwani ya kaskazini ya Zanzibar zimejaa wageni. Korosho haiwasaidii, maana minada ya Mtwara na Lindi huanza wao wakiwa wamesharudi darasani. Kila mahali nauliza swali lile lile: katika majuma yako nane, ni karatasi gani pale inayorundikana na hakuna wa kuishika? Wengine hunitazama kama nimewapa mtihani wa ziada. Wachache huondoka na kurudi na jibu.

Katibu wa AMCOS aliandika barua kwa idara msimu uliofuata, kwa mkono, kwenye karatasi yenye nembo ya chama. Anaomba mwanafunzi mwingine wa uhasibu, ikiwezekana wawili, na anaomba waje mwezi wa tano, ununuzi unapofunguliwa na foleni ikiwa ndefu. Mwezi wa tano wanafunzi wetu wako katikati ya muhula. Barua iko mezani kwa mratibu. Nimemwomba asiijibu kwamba nafasi haipo mpaka kamati ya ratiba ikae.